Ufa wa Narusawa

Kila asubuhi, kabla ya kuweka birika jikoni, nilitoka nyuma ya nyumba kwa kandambili nikatazama kama mlima umeanguka.

Haukuwa umeanguka. Ufa ulikuwa palepale, juu ya Korongo la Narusawa, mstari mweusi uliojipinda katikati ya weupe, kama mdomo wa mtu anayetaka kusema jambo kisha akalimeza. Kila siku mdomo ulizidi kufunguka kidogo. Chini yake ililala theluji ya msimu mzima, nzito, iliyolowa, imekalia majani ya mwaka jana yaliyolazwa yakawa laini kama mkeka uliomwagiwa mafuta. Maji yalikuwa yanapita kati ya majani na theluji, yanatafuna kidogo kidogo. Yote hayo niliyajua. Nilikuwa nimesomea theluji kule Niigata, nikafaulu, nikarudi kwetu Akita na cheti. Nilichokuwa sikijui ni siku.

Basi nilisimama pale, vidole vya miguu vikifa ganzi, nikauambia mlima kimoyomoyo: Anguka. Tafadhali, anguka.

Majivu ya Mjomba Jinpachi yalikuwa bado nyumbani kwake, mbele ya picha yake, hayajapelekwa kaburini.

Alikuwa kaka wa mama yangu. Alikuwa na karakana ya kutengeneza mashine za kusukumia theluji, na majira ya baridi yote mikono yake ilinuka petroli na peremende za mnanaa alizozificha kwenye kila mfuko ili mkewe asizihesabu. Alikuwa pia kiongozi wa wawindaji wa kijiji chetu, cheo alichokirithi kwa baba yake pamoja na samaki mmoja mkavu aliyefungwa kwenye karatasi.

Samaki huyo ana sura mbaya kuliko kitu chochote kilichowahi kutolewa baharini. Mwenye mlima wetu, tunayemwita Bibi, ni mwanamke, naye hakujaliwa uzuri, na anajua. Ndiyo maana hapendi wanawake wapande kwake. Lakini kiongozi akimwonyesha samaki, hata kichwa tu kichungulie kwenye karatasi, Bibi hucheka, anafurahi kwamba yupo kiumbe mbaya kumshinda yeye, na kwa furaha hiyo anatoa dubu. Hivyo ndivyo wazee wetu walivyoishi naye. Hawakumwabudu sana. Walimchekesha.

Nilipopata leseni ya bunduki, Mjomba aliwaita wawindaji nyumbani kwake akasema nitapanda nao msimu wa kuchipua.

"Mwanamke?" mzee mmoja aliuliza, kana kwamba si mimi niliyekuwa nimetoka kummiminia pombe.

"Tumebaki wachache," Mjomba alisema, "na katika wachache hao wenye magoti mazima nawahesabu kwa kidole kimoja. Mpwa wangu ana magoti mawili peke yake."

"Na Bibi je?"

"Bibi niachieni mimi. Nimeoa miaka thelathini, nimezoea kuomba radhi."

"Na bado hujui," alisema Kiyono, mkewe, kutoka jikoni.

Wakacheka, na katika kicheko hicho nikawa mwindaji.

*

Theluji ya msimu wa kuchipua ni mnyama anayekwenda kwa saa. Mbingu ikiwa wazi usiku, joto lote la dunia linapanda juu na kupotea, theluji inaganda, na alfajiri inakubeba kama sakafu ya mbao. Unapanda haraka, unafanya ulichoendea, unarudi kabla jua halijailegeza. Wazee wetu hawakuhitaji cheti kulijua hilo. Lakini usiku wa kuamkia safari yangu ya kwanza mawingu yalikuwa yamefunika bonde kama kifuniko cha sufuria. Nilijua mambo ni mabaya kabla sijavaa viatu, kwa sababu michirizi ya paa haikunyamaza usiku kucha.

Tulikuwa watatu: Mjomba, mimi, na Yoshiki, mwanawe, binamu yangu niliyekua naye. Jana yake alikuwa ameona nyayo za dubu kwenye msitu ulio ng'ambo ya Narusawa. Kuvuka korongo ni mwendo wa kumaliza peremende moja. Tulisimama ukingoni. Ufa ulikuwa juu yetu, wakati ule ukiwa mwembamba bado.

"Tunapita mmojammoja, upesi, tumemaliza," alisema Yoshiki. Alikuwa ameshakaza kamba za viatu vyake vya theluji.

"Umeuona ufa?" nilimuuliza.

"Ufa huo niliuona nikiwa mgongoni kwa mama. Kila mwaka unafungua mdomo, kila mwaka hausemi kitu."

"Mwaka juzi ulisema."

"Mwezi wa tano. Hakuna hata sungura aliyekuwa chini."

"Jana usiku haikuganda, Yoshiki. Weka kisigino."

Aliyeweka kisigino ni Mjomba. Mguu ulizama mpaka katikati ya muundi. Akautoa, akatazama shimo lile, likaanza kujaa maji.

"Uji," alisema. "Tena uji wa mgonjwa."

"Baba, dubu hatatungoja."

"Dubu ndiyo kwanza ameamka tangu mwaka jana. Mtu aliyelala hivyo hana haraka." Akanigeukia. Alipoacha mzaha uso wake ulikuwa mdogo, kama nyumba iliyozimwa taa. "Wewe msomi. Ungekuwa peke yako, ungepita hapa?"

"Nisingepita."

"Ungepita wapi?"

"Juu. Mgongoni mwa mlima, upande wa miti."

Yoshiki alitema mate. "Mgongoni ni sebuleni kwa Bibi. Babu hakupita pale, na baba yake hakupita pale. Leo ndiyo tupite, na mwanamke juu?"

Niliona Mjomba akimtazama mwanawe, kisha mimi, kisha ufa. Nadhani ningekuwa sikusoma, angesema tuvuke. Nadhani ningekuwa si mpwa wake, angesema turudi nyumbani. Lakini alikuwa amesimama mbele ya wenzake akaniombea nafasi, na mtu akishakuombea nafasi hawezi kukupuuza siku ya kwanza unapofungua kinywa.

"Basi tutabisha hodi," alisema, akaanza kupanda.

*

Upepo wa majira ya baridi una ufundi wake. Miezi yote hiyo unapuliza theluji kutoka upande mmoja wa mgongo wa mlima, unaijenga upande wa pili, inatokeza nje ya ukingo kama upenu wa nyumba. Chini ya upenu huo hakuna kitu. Ukisimama juu yake huwezi kujua kama umekanyaga mlima au umekanyaga hewa. Majira ya joto yakibisha, upenu unachoka.

Niliwaambia. Nilisema vizuri, kwa maneno machache, kama nilivyofundishwa: miti ndiyo mpaka, palipo na shina pana ardhi, msivuke mashina. Mjomba alitangulia, na kila mti aliopita aliupiga kofi jepesi, huku na huku, kama mgeni anayesalimia watu waliojipanga mlangoni.

"Habari yako. Habari yako. Wewe umekonda."

Tulipofika pale mgongo unapobonyea, kilele kikajitokeza chote mbele yetu, cheupe, karibu mno. Mjomba alivua kofia.

"Ngojeni niseme na mwenye nyumba."

"Semea hapo hapo ulipo, Mjomba."

"Nani anaomba radhi akiwa amejificha nyuma ya mti?"

Akatoa samaki kifuani, akafunua karatasi upande wa kichwa, akatoka kati ya miti kwenda kukiangalia kilele. Hatua chache tu. Jirani yako akikukosea, akaja kusimamia nyuma ya ua na kuropoka samahani kutoka huko, ungemsikiliza? Kwetu hilo ni tusi. Unakwenda mpaka mbele ya mtu, unavua kofia, unainama. Ndivyo alivyofanya, kwa sababu njia ile hatukuwa na haki nayo, na kwa sababu yangu.

"Mjomba, mwisho hapo."

Nilisema. Watu wameniuliza, nami nimewajibu kweli: nilisema. Lakini alikuwa ameshainama, na nilisema kwa sauti ya chini, ile tunayoitumia mtu anapokuwa mbele ya majivu ya wazazi wake. Aliinua mkono nyuma bila kugeuka, kama unavyomwambia mtoto, nakuja.

Kisha tukamsikia. "Nimekuletea mpwa wangu. Usimwonee wivu. Hata kupika hajui."

Yoshiki alicheka, ingawa alikuwa amenuna tangu bondeni. Nami nikacheka. Tulikuwa tunacheka bado ulipokuja mlio kama wa ubao mkavu kupasuliwa, na mahali aliposimama Mjomba pakawa mbingu.

Tulimpata. Kila mmoja wetu alikuwa amevaa kile kifaa cha kutafutana nilichowalazimisha kununua, yeye akikiita jini lake la kifuani. Jini lile lililia vizuri, liliniongoza mpaka juu yake, fimbo ndefu ya kutafutia ilimgusa mara ya kwanza nilipoichomeka, tukachimba kwa namna niliyowafundisha. Hakuna nilichokosea. Alikuwa amepiga mwamba kabla theluji haijamfunika, na uso wake ulikuwa bado una ule mzaha.

Samaki hakuonekana. Bibi amebaki naye.

*

Hakuna aliyenilaumu, na hilo lilinimaliza. Kijiji kizima kilinifariji. Mama muuza tofu aliniambia si kosa langu, akaniambia tena, akaniambia mara ya tatu huku ananirudishia chenji, mpaka nikaelewa kwamba alikuwa akijishawishi mwenyewe. Vikongwe waliokaa mbele ya duka kuota jua walininyamazia nilipokaribia, wakainama, wakasubiri nipite. Nilijua wanasema nini. Walisema Bibi kaona wivu. Sikuweza hata kuwacheka, maana walikuwa wamekosea njia lakini wamefika nyumbani kwangu vilevile: pasipo mimi, Mjomba asingekuwa juu ya upenu ule.

Yoshiki alisema sentensi moja tu. Tulikuwa tumerudi kutoka kuuchoma mwili, anafungua kamba za viatu vyake vyeusi mlangoni.

"Korongo bado liko," alisema, na hakuniangalia.

Tangu hapo ufa ukawa kesi yangu. Korongo likishuka, nitakuwa nimemwondoa Mjomba kwenye kifo, na kifo kikamfuata mahali pengine. Hayo hutokea, na mtu anaweza kulala. Lisiposhuka, likayeyuka taratibu palepale kama sukari kwenye chai, nitakuwa nimemtoa mtu kwenye njia ya baba zake, njia salama, nikampeleka ukingoni kwa mkono wangu.

Nilifunga kamba nyekundu kwenye njia ya chini, ile wanayopita akina mama kutafuta mboga za kwanza, nikaenda nyumba hadi nyumba kuwaambia wasiivuke. Walisema nina moyo mzuri, pamoja na msiba. Sikuwa na moyo wowote. Nilitaka lianguke bila kumwua mtu, ili raha yangu iwe safi.

Mawingu yalikuja, mvua ya vuguvugu ikanyesha, nikafurahi. Usiku ukatakata, theluji ikaganda, nikaamka na hasira. Nyumba za chini zilianza kuloweka mbegu za mpunga. Mimi nilikuwa kwenye kandambili.

*

Ulipotimia mwezi tangu afe, tulikaa nyumbani kwa Mjomba kula pamoja. Mtawa alikuwa ameshasoma sala na kuondoka. Kiyono alikuwa amekaanga mboga za mlimani, zile chungu alizozipenda mumewe, na ameweka bakuli dogo la peremende za mnanaa mbele ya picha. Alikuwa amezikuta kwenye mifuko, alisema, kwenye kila koti, hata koti la harusi. Watu walicheka kwa adabu. Mimi nilikaa mwisho wa meza, karibu na mlango, mahali pa mtu anayejiona amekuja bila kualikwa.

Kwanza vioo vya dirisha viliimba, kwa sauti nyembamba. Kisha ukaja mngurumo kutoka chini, kutoka kwenye sakafu, kama lori linalomwaga mawe na mawe hayaishi. Mbwa wa jirani alianza kubweka, akaacha. Supu kwenye bakuli langu ilijikunja duara ndani ya duara.

"Narusawa," alisema mzee mmoja, na hakuhitaji kutoka nje.

Yoshiki aliweka vijiti vyake mezani.

Nami, katika kimya kile, mbele ya picha ya Mjomba, nilihisi kitu kinaniachia mabega, kama unapotumbukia kwenye maji ya moto baada ya siku nzima ya baridi. Nilivuta pumzi mpaka chini. Na nilipoinua macho niligundua kwamba ninatabasamu. Niligundua kwa sababu Kiyono alikuwa ananiangalia.

Wengine walianza kusema wote kwa pamoja: ukubwa wake, bahati ya ile kamba nyekundu, mwaka ule wa babu fulani. Kiyono aliinuka, akazunguka meza, akapiga magoti kando yangu kana kwamba anakuja kuongeza chai.

"Kula, Chisa," alisema polepole. "Umengoja sana."

"Mama Kiyono, mimi..."

"Nakuona kila asubuhi kutoka dirisha la bafuni. Utapata nimonia na hizo kandambili zako."

Uso wangu uliwaka.

"Mimi pia nilikuwa natazama," alisema. "Nilikuwa naomba lisianguke."

"Kwa nini?"

Alimimina chai, ingawa kikombe changu kilikuwa kimejaa. Ikafurika, akaifuta kwa ncha ya aproni. "Lingebaki pale, ningekuwa na mtu wa kumkasirikia." Alinisogezea sahani ya mboga. "Haya, kula. Zikipoa zinalegea."

Nilikula. Zilikuwa chungu, na nilikula zote.

Nilimkuta Yoshiki barazani, amekaa, miguu inaning'inia, anatazama juu ambako vumbi jeupe lilikuwa bado halijatua. Mahali pa ufa palikuwa wazi. Mteremko wote ulikuwa udongo, mweusi, unang'aa kwa maji, mkubwa kuliko nilivyowahi kuuwaza. Nilikaa, si karibu sana.

"Limeshuka," nilisema. Nasikia mpaka leo jinsi nilivyolisema, kama mtu anayeweka karata mezani.

"Limeshuka leo," alisema Yoshiki. "Sisi tungepita siku ile."

Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa na uso mdogo wa baba yake, ule wa bila mzaha. Na ile raha niliyoingoja mwezi mzima, niliyoiamkia kila asubuhi, nikaisikia inaondoka yote, bila kelele, kama maji yanavyopita chini ya theluji.

"Najua," nilisema.

"Mmojammoja. Upesi."

"Najua, Yoshiki."

Alitoa peremende mfukoni, akaikata kwa meno, akanipa nusu.

*

Wenye msiba hawapandi mlimani, na mwaka ule sisi wawili tulikuwa wenye msiba. Kwa hiyo dubu alipotokea, siku chache baadaye, tulimwona kutoka nyuma ya nyumba yangu. Yoshiki alikuja na darubini ya baba yake, hakunisalimu, akaninyooshea tu.

Theluji ikishuka hivyo, ardhi inayobaki wazi ndiyo ya kwanza kuchipua. Kwenye udongo wa Narusawa palikuwa pameshatoka majani, machache, ya kijani kibichi kinachoumiza macho, na dubu alikuwa katikati yake, amekonda, manyoya yanacheza juu ya mifupa. Alikuwa anakula kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu akakuta wamemwekea chakula.

"Baba angesemaje?" aliuliza Yoshiki.

"Angesema amekonda."

Akanguruma kidogo kooni, karibu na kicheko. Nilitaka kumrudishia darubini lakini alitikisa kichwa, nikaendelea kutazama. Dubu aliinua pua, akanusa, akaanza kutembea. Alivuka mahali palepale nilipowakataza, hatua baada ya hatua, bila haraka yoyote, akafika ng'ambo.